Ada ya Mguu wa Nyuma

Hakuna kigoda kilichotoka kwenye karakana ile bila kupimwa kwa glasi ya maji. Mzee ndiye aliyeanzisha utaratibu huo akiwa kijana. Kigoda kinawekwa kwenye sakafu ya saruji, penye mwanga wa dirisha. Glasi inajazwa mpaka mdomoni, inawekwa katikati ya kikalio, kisha kigoda kinagongwa kwa kifundo cha kidole. Maji yakimwagika, kigoda kinarudi mezani. Pima maji ilikuwepo, imetundikwa ukutani na kiputo chake cha kijani, lakini Mzee alisema ile inapima mbao, glasi inapima aibu.

Mikono yake ilipoanza kutetemeka, kwa muda alijaza glasi nusu na kujifanya haoni. Halafu siku moja, bila hotuba, akamkabidhi binti yake mkubwa msumeno, randa na ufunguo wa kufuli. Tangu hapo binti huyo aliitwa Fundi, hata na watu waliolijua jina lake.

Shida ya vigoda vya Mzee ilikuwa kwamba havivunjiki. Mtaa mzima ulikuwa navyo. Watu walizaliwa wakavikuta, wakahama navyo, wakawaachia watoto. Mteja wa mwisho kuingia kwa miguu yake alikuja kuazima nyundo. Mwenye nyumba alikuwa ameanza kupita na mtu anayeuza makava ya simu, wakipima upana wa mlango kwa mikono bila hata salamu.

"Tunahamia mtandaoni," alisema mdogo wake Fundi. Huyu alifanya kazi kwenye duka la kuchapa, na watu walimwita Kidole, kwa kuwa kwa kidole kimoja aliandika haraka kuliko wengine kwa kumi. "Wanaotaka vigoda wapo. Ila hawapo hapa."

"Na watalipaje?"

"Kwa simu, dada. Ulitaka waje na kuku?"

Kidole alifungua ukurasa, akapiga vigoda picha penye mwanga mzuri, akatafuta kampuni ya kupokelea malipo. Alichagua ile iliyotangaza kwamba ada yake ni ndogo kiasi kwamba biashara changa haitaihisi. Walijaza namba za kitambulisho. Walimpiga Fundi picha akitazama kushoto, akitazama kulia, na mwishowe akiwa amenuna kwa sababu simu ilikuwa inakataa kumtambua. Picha ya kununa ndiyo iliyokubaliwa.

Oda ya kwanza ilitoka kwa mwanamke mwenye saluni upande wa pili wa jiji. Alitaka vigoda viwili vya kusukia, avijaribu kwanza. Vilikuwa vimeshapimwa, vimesimama karibu na mlango. Simu ikalia: malipo yamepokelewa. Pesa iliingia kamili, haikupungua hata senti. Papo hapo ikasikika sauti fupi ya msumeno, safi, ya mtu anayeijua kazi, na chini ya kila kigoda pakaanguka unga kidogo wa mbao.

Fundi aliinama kutazama. Mguu wa nyuma wa kushoto wa kila kigoda ulikuwa umepungua unene wa kidole.

"Nani amekata?"

Kidole alitazama simu. "Hiyo ni ada."

"Ada gani inakata mguu?"

"Ipo kwenye masharti. 'Ada itatolewa kwenye bidhaa husika.'" Aliendelea kusoma, akishusha ukurasa. "Na hawa wana afadhali, dada. Yule jirani anayeoka keki, kampuni yake inachukua kipande kizima, tena kile chenye ua."

Mzee alijaza glasi akaiweka juu ya kigoda. Maji yalimwagika kabla hajagonga. Alichukua tambara, akapangusa sakafu mwenyewe, akatoka kwenda kukaa uani.

Fundi hakuwa mtu wa kulilia mbao. Seremala yeyote anajua kwamba msumeno una meno, na meno yanakula. Ukipima ubao unaacha akiba ya msumeno, ndipo kipande kinatoka na urefu unaoutaka. Basi akaanza kutengeneza vigoda vyenye mguu wa nyuma wa kushoto mrefu kuliko mingine kwa kidole kimoja. Ilifanya kazi. Kigoda kilisimama mlangoni kimeinama kulia kama mtu anayesikiliza umbea, mteja analipa, msumeno unalia, kigoda kinatulia, maji yanakaa.

"Sasa tunatengeneza kitu kibovu ili wao wakinyooshe," alisema Mzee.

"Mpaka tutakapopata wengine, baba."

Siku Fundi alipotuma vigoda viwili vya kumbadilishia mwenye saluni, ulikuwa umeingia ujumbe ambao Kidole aliusoma baadaye: Mteja wetu mpendwa, tumeboresha huduma zetu. Ada sasa itatolewa kwenye mguu wa mbele wa kulia. Vigoda vilifika saluni vikiwa na mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi.

Mwenye saluni alipiga simu mchana. "Fundi, mteja wangu ameanza kusukwa anatazama dirisha, amemaliza anatazama choo."

"Nitavirekebisha."

"Nisikilize, mdogo wangu. Mwisho wa mwezi ujao nafungua saluni kubwa. Nataka vigoda kumi na viwili. Wenzangu wote wenye saluni watakuja, na wale, kabla hawajala keki, wataangalia nimenunua nini na wapi. Vikitulia, kila mmoja atavitaka. Vikicheza, mimi nanunua vya plastiki na sitakusema vibaya, nitanyamaza tu."

Fundi alielewa kuwa kunyamaza huko ndiko kutakakomleta mwuza makava.

Wakakaa kulinganisha kampuni, Fundi na Kidole, kwenye benchi la kazi, maranda yakiwa yamewajaa kwenye sketi. Ya pili haikutoza biashara changa ada yoyote. Kigoda kilipolipiwa kilipaa taratibu mpaka darini, kikabana pale, kikisubiri malipo yathibitishwe. Fundi alipanda ngazi akakivuta mpaka akaning'inia nacho. Hakikushuka. Mteja alisubiri, akatukana, akanunua kwingine, na baada ya hapo ndipo kigoda kiliposhuka, kwa kishindo, juu ya kopo la vanishi.

Ya tatu ilichukua kigoda kimoja kila mwezi, uuze usiuze. Mwezi ulipokwisha hapakuwa na kigoda kipya karakanani, kwa hiyo ikachukua kile alichokalia Mzee akinywa chai. Mzee alibaki amechutama hewani kidogo, kikombe mkononi, kisha akajishusha sakafuni na kuimalizia chai yake.

Benki ilitaka uthibitisho kuwa biashara imedumu. Ilikuwa imedumu miaka arobaini, lakini ilikuwa miaka ya Mzee, na Mzee hakuwa na picha ya kununa.

"Na pesa mkononi?" aliuliza Mzee.

"Mpeleka mizigo habebi pesa ya watu, baba. Aliwahi kuporwa."

Wakarudi kwenye ile ya kwanza. Kidole aligundua kitu. "Kuna kitufe hapa, dada. 'Ada ilipwe na mteja.'"

"Mteja ana mguu gani wa kukatwa? Kigoda ni changu."

"Hawajaandika."

"Basi usikiguse."

Kidole alisema sawa. Fundi alipoinama kuwasha jiko la gundi, Kidole akakigusa.

Vigoda kumi na viwili vilitengenezwa vizuri kuliko vyovyote vilivyowahi kutoka pale. Miguu yote sawa, kwani Fundi alikuwa amechoka kubahatisha wataukata upi, na alikusudia kupeleka vipande vya kubandika saluni yenyewe. Malipo yaliingia. Alisubiri msumeno. Kimya. Mzee akapima kimoja, akapima vyote. Maji yalitetemeka kila alipogonga, yakatulia, hakuna tone lililodondoka. Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza tangu msumeno uanze kulia, Mzee alizungumza wakati wa chakula.

Kesho yake Fundi alipanda gari la mizigo pamoja na vigoda. Saluni ilinukia rangi mpya na nywele za kuunguzwa. Mwenye saluni alimpokea mlangoni, ameegemea upande mmoja, taulo limekunjwa chini ya ndala yake ya kushoto.

"Viweke pale," alisema. Akavikalia kimoja kimoja. "Viko sawa kabisa, Fundi. Mimi ndiye ninayecheza."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipobonyeza kulipa. Nilisikia kama msumeno."

"Ah, hiyo ni ada," alisema mteja mmoja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. "Mie niliponunua kabati walinipunguza kisigino."

"Si bora kisigino," alisema msusi. "Shemeji yangu kanunua jokofu, sasa hafiki kwenye swichi ya taa."

Wakacheka, wakaendelea kusuka.

Fundi hakucheka. Alipiga goti, akachomoa penseli sikioni, akautazama mguu ule wa kushoto. Ulikuwa umepungua unene wa kidole. Alikuwa na vile vipande vya kubandika kwenye mfuko, mbao ileile ya vigoda. Akalaza ndala juu ya kimoja, akachora, akaketi kizingitini akakata, akapiga msasa mpaka kingo zikawa laini, akapigilia chini ya ndala kwa misumari midogo. Kisha akajaza glasi maji mpaka mdomoni, akampa mwenye saluni ashike. Mwenye saluni alitembea mpaka kwenye sinki la mwisho na kurudi. Hayakumwagika.

"Nakulipa nini?"

"Usinilipe. Ukinilipa watakukata tena."

Nyumbani alimkuta Kidole anakula. "Ulikigusa."

"Nilikigusa. Ulitaka vifike vikiwa sawa, vimefika vikiwa sawa."

"Umemkata mtu mguu."

"Mimi? Mimi nina msumeno?" Kidole alisukuma sahani. "Kila siku nakaa na hii simu, dada, natafuta kampuni isiyokata. Haipo! Unanikasirikia mimi kwa sababu mimi ndiye niliye karibu."

Hilo lilikuwa kweli, na Fundi alilimeza. Kidole akarudisha kitufe pale kilipokuwa.

Siku iliyofuata Fundi alikwenda ofisini kwa ile kampuni. Sakafu ya mapokezi ilikuwa ya mbao: vipande vidogo vya duara, unene wa kidole, vimepangwa ukuta kwa ukuta na kupakwa vanishi. Vipande vya karibu na mlango alivijua. Ubao ule aliuchagua mwenyewe, wenye mistari myekundu inayopinda karibu na fundo. Makochi yalifunikwa kwa mikono ya magauni, kila mkono na kitambaa chake. Juu ya kaunta palikuwa na sahani ya keki, kila kipande na ua. Wafanyakazi wa pale walikuwa warefu sana. Dari lilikuwa limeinuliwa hivi karibuni, na mtu wa kupaka rangi alikuwa bado juu ya ngazi anamalizia kona.

Afisa wa mahusiano alikuwa kijana mpole, magoti yake yakiwa juu kuliko meza.

"Karibu sana, dada. Nikusaidie nini?"

"Nataka mguu wa mteja wangu."

"Pole kwa usumbufu. Ada ikishatolewa, hairudishwi."

"Hiki nilichokikanyaga ni changu."

Kijana alitazama chini kwa heshima. "Ni kizuri sana. Wageni wengi wanatusifia hii sakafu."

"Nataka kulipwa bila kukatwa. Mimi wala mteja wangu."

"Umelinganisha na kampuni nyingine?"

"Nimelinganisha. Mmoja ananing'iniza kazi yangu darini. Mwingine amempokonya baba yangu kiti akiwa amekikalia."

"Basi umejionea," alisema, bila dharau yoyote. "Sisi ndio nafuu."

Na ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomuudhi Fundi njia nzima, akapitiliza mpaka kwenye mtaa usio wake.

Alipofika karakanani alipasha moto nondo nyembamba kwenye jiko la makaa, akageuza kigoda, akaandika kwa kuunguza upande wa chini wa kikalio: KILITOKA HAPA KIKIWA SAWA. Akaandika kwenye kila kigoda kilichokuwepo. Tangu siku hiyo aliacha kurefusha miguu. Alitengeneza kigoda kama Mzee alivyomfundisha, akakipima kwa glasi, akauacha msumeno ukate unachokata, na kwenye mfuko wa kila mteja akatia kipande cha duara na misumari ya kukipigilia.

Wateja waligeuza vigoda vyao wakasoma. Wakapiga picha. Mwenye saluni alipiga picha ya kigoda na ya ndala yake, pamoja, akawatumia wenzake. Wenye saluni wale wakaagiza kwa mkupuo, vigoda vingi kuliko mbao zilizokuwepo, na Fundi akaenda kununua mbao.

Afisa wa mahusiano alikuja mwenyewe, alasiri. Aliinama sana kuupita mlango. Mzee alimkaribisha, akamsogezea kigoda kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa kimeshalipiwa. Kijana alipokaa, kigoda kilienda kushoto. Akatoa mfukoni karatasi iliyokwisha kunjwa, akaitia chini ya mguu mfupi kwa wepesi wa mtu aliyezoea. Kikaenda kulia.

"Dada, sisi hatutaki ugomvi," alisema. "Lakini yale maandishi yanatuchafulia jina. Tumekuandikia maneno mafupi ya kuomba radhi. Wewe unabonyeza tu 'nakubali', yanatokea kwenye ukurasa wako, tunasahau yote. Usipobonyeza, akaunti inafungwa leo na pesa ya oda ya wenye saluni inarudi kwao."

Akampa simu. Fundi akasoma kwa sauti, ili Mzee asikie. "'Ninaomba radhi kwa kuwapotosha wateja kuhusu hali ya bidhaa zangu.'"

Mlangoni alikuwa amesimama mwenye nyumba pamoja na mwuza makava. Safari hii walikuja na futi kamba.

"Dada, bonyeza," alisema Kidole, chinichini. "Ni maneno tu. Nani atasoma?"

"Mwenye saluni atasoma. Amesimama juu ya mbao yangu."

"Na mbao ulizonunua jana? Utazipeleka wapi?"

Fundi aligeuza shingo. Mbao zilikuwa nyuma yake, zimejaa mpaka dirishani, bado zina unyevu.

Simu ya Kidole ililia. Malipo yamepokelewa, ya mteja mwingine kabisa, wa kigoda kimoja. Msumeno ukalia kando ya mlango. Afisa aliinua miguu kwa adabu, unga usimwingie kwenye viatu. Kipande cha duara kilibingirika kikafika karibu naye. Akakiokota, akakipuliza, akakitia mfukoni.

Mzee aliinuka. Alichukua glasi, akaijaza mpaka mdomoni, mikono yote miwili ikitetemeka na maji yakimchirizika mpaka kwenye viwiko, akaiongeza tena hadi ikajaa. Akaiweka sakafuni katikati yao. Maji yakatulia. Saruji ya sakafu ile alikuwa ameimwaga mwenyewe.

"Inuka kidogo, kaka," Fundi alimwambia afisa.

Akainuka.

"Geuza kigoda. Soma."

Kijana alikigeuza, akasoma taratibu, midomo ikicheza.

"Kuna neno la uongo hapo?"

Alifikiri kwa haki. "Hapana," alisema. "Ila siyo hoja hiyo, dada."

"Kwangu ndiyo hoja." Akamrudishia simu yake, kioo kikiwa hakijaguswa. Akaokota na ile karatasi iliyokunjwa, akampa nayo. "Chukua, utaihitaji utakakokwenda kukaa. Funga akaunti. Siombi radhi."

"Nikuachie mpaka kesho ufikirie?"

"Kesho pia siombi."